Nilimwambia Ni Mjukuu Wake

Anayetaka kucheka acheke sasa, maana nikishaanza sitaki kukatizwa. Haya yalinikuta mimi, na mtoto mwenyewe huyu hapa ubavuni mwangu anakula chapati.

Tulitoka Morogoro kwenda kupumzika Kenya: mimi, binti yangu Tunu wa mwaka na nusu, na rafiki yangu Rehema na mumewe. Tulipanga nyumba kubwa ya shambani karibu na Luanda Kotieno, ziwa lile pale chini. Raha tupu! Kula samaki, kulala, kuamka, kuulizana tutakula nini tena. Uani palikuwa na kibaraza cha vigae vyeupe, nikawa naanika nepi za Tunu juu yake. Ningejua!

Siku ya tatu, alasiri, wenzangu wamelala, akaja bibi mmoja, kitambaa cha manjano kichwani. Akasimama kando ya nepi zangu. Mimi nimelelewa, nikampa shikamoo, nikamsogeza Tunu ainamishe kichwa ashikwe utosini, kama tufanyavyo kwetu.

"Mtoto wa nani huyu?" akauliza.

"Si ni mjukuu wako huyu, bibi!"

Nani kwetu hasemi hivyo? Unamwambia hata muuza mchicha. Bibi akacheka mpaka akajifuta machozi. "Basi nitamchukua jua likizama." Nami nikacheka, mjinga mimi.

Mama Awuor, mtunza nyumba, aliporudi na samaki nikamsimulia. Akakaa chini palepale. "Kitambaa ya manjano? Huyo ni mama ya mwenye nyumba. Hapo unaanika nguo ndio kaburi yake. Alikufa akilia hana mjukuu."

Nikamnyakua Tunu. Rehema, aliyekwisha kuamka, akaanza kutupia nguo kwenye sanduku. Mama Awuor akamzuia. "Mkitoroka na mtoto yake, atawafuata. Ulimpatia na mdomo, mnyang'anye na mdomo."

Niliogopa, sikatai. Lakini mtoto ni wangu, nimemzaa kwa uchungu wa siku mbili! Nikaondoa nepi, nikavifuta vile vigae, nikamfunga Tunu mgongoni kwa kanga mbili, nikasimama. Jua lilipogusa maji, bibi huyo hapo, mikono kainyoosha. Tunu akaanza kufurukuta mgongoni, anataka kwenda.

"Shikamoo, mama," nikasema. "Huyu si mjukuu wako. Bibi yake yuko Morogoro. Ilikuwa adabu tu. Nimekosa, nisamehe, lakini sikupi."

"Ulisema."

"Nilisema. Na sikupi!"

Midomo ikamtetemeka. Wallahi nilimwonea huruma.

"Basi anisalimie tu," akasema.

"Kusalimia, sawa. Kuchukua, hapana."

Nikageuka kumpa mgongo. Tunu akainamisha kichwa, nikasikia kiganja kikipita kwenye nywele zake. Nilipogeuka tena, hapakuwa na mtu.

Ila amsalimie mara ngapi, sikusema.

Tunu sasa ana miaka minne. Kila jua likizama huacha alichoshika, huenda mlangoni, huinamisha kichwa. Na nywele zake hubonyea, naziona kwa macho yangu haya. Mimi husimama nyuma yake nimekamata gauni lake kwa mikono miwili, na nitalikamata mpaka siku nitakayokufa. Wewe unayesafiri, nenda na shikamoo zako zote, lakini mtoto wako usimgawe kwa mdomo, hata kwa utani.

Samahani, ameiacha chapati. Ngoja nikamshike.