Masale Niliyoyachoma

Kioo hakitaki haraka, na mimi ni mtu wa haraka tangu kuzaliwa. Hayo aliniambia sista mmoja wa Kizungu aliyenifundisha kazi, na aliniambia mara nyingi hadi nikamchukia. Alikuwa akifundisha wasichana kazi za mikono huko Kibosho. Aliporudi kwao kwa sababu ya uzee, aliniachia tanuri lake la umeme, kwa kuwa wenzangu wote walikuwa wameshachoka kukatwa vidole na kuacha. Nililishusha Moshi mjini kwa pikapu ya kukodi, nikaliweka katika chumba cha uani nilichopanga nyuma ya soko. Fundi umeme aliyekuja kuliunganisha aliniuliza kama nafungua kiwanda cha mikate.

Kazi yenyewe ukielezwa ni rahisi. Unakata vipande viwili vya kioo cha dirisha, unavilaza kimoja juu ya kingine kwenye kigae kilichopakwa udongo mweupe ili visigande, na katikati unaweka unachotaka kionekane: waya wa shaba, au unga wa chupa za bia na soda uliotwangwa. Unapandisha moto mpaka vioo viwili vinalainika na kuwa kimoja. Halafu unasubiri mpaka kesho. Ukifungua mlango mapema utasikia kimlio kidogo, ta, na kazi ya siku nzima imekwenda na maji. Vipande vyote viwili lazima vitoke kwenye kioo kimoja kikubwa. Ukichanganya vya viwanda viwili vitashikana vizuri, utavisifu, na asubuhi utakuta ufa. Ongeza na mgao wa umeme wa miaka ile ya tisini, uone mwenyewe nilivyokuwa nikitukana peke yangu mle chumbani.

Siku moja, kwa kujaribu tu, niliweka jani. Nilijaribu la kahawa, la mgomba, la mwarobaini wa jirani. Mengi yaliacha doa tu. Jani la sale, nikilikausha kwanza kwa siku kadhaa chini ya godoro, liliungua likabaki jivu jeupe lenye mistari yake yote, limelala ndani ya kioo kana kwamba limechorwa kwa kalamu. Nilikaa nikiliangalia hata chai ikapoa.

Sale kwetu milimani ni mmea wa majani marefu ya kijani ambayo mtu halishi ng'ombe. Hupandwa kwenye makaburi na kwenye mipaka ya vihamba, yale mashamba yetu ya migomba na kahawa yanayozunguka nyumba, na aliyemkosea mwenzake humpelekea jani lake kuomba msamaha. Ukiletewa sale, unasamehe, hata kama moyo hautaki. Katika maisha yangu nimeona sale likikataliwa mara moja tu.

Mnunuzi wangu alikuwa mama mmoja wa mjini mwenye duka la vinyago karibu na hoteli za watalii. Alikishika kile kioo, akakigeuza kwenye mwanga wa dirisha, akaniuliza jani hilo lina habari gani. Nikamweleza. Akacheka kwa furaha.

"Mwanangu, hiyo habari ndiyo biashara," akasema. "Wazungu wanashuka mlimani pua zimebabuka, wanataka kitu cha kupeleka nyumbani. Nitaandika kikaratasi: jani la msamaha. Niletee vingi."

Mwanzoni nilichuma majani nyumbani Uru, nyuma ya jiko, machache machache. Baba hakujua. Alivipenda vioo vyangu. Kimoja alikitundika dirishani na kila mgeni alionyeshwa, hata padre. Siku aliponiuliza majani nayapata wapi, nilimwambia nanunua mjini kwa wauza maua. Nilijua angekasirika kusikia nachoma sale na kuliuza, nikaona uongo mdogo hautamdhuru mtu.

Mwaka huo baba alilazwa. Alikuwa na sukari, na kidonda cha mguu kilikataa kupona. Kahawa ilikuwa imeshakosa bei, migomba ilikuwa ya kula tu, na mama alishatangulia zamani. Nilikuwa mtoto pekee aliyebaki karibu. Dawa nilinunua mimi. Ndipo yule mama wa duka akaniambia kuna kundi la watalii linakuja na anataka vioo mia mbili kwa mwezi mmoja.

Majani ya nyuma ya jiko yasingetosha. Yaliyotosha yalikuwa mpakani, kati ya kihamba chetu na cha baba mdogo, mdogo wake baba. Babu yao ndiye aliyeyapanda. Nilikwenda na panga na kikapu asubuhi moja ambayo baba mdogo alikuwa amekwenda mnadani, nikakata vichwa vya mstari mzima. Nilijiambia yatachipua, kwa kuwa sale ni mmea mgumu. Lakini vuli ile mvua haikunyesha, na nilikuwa nimeyakata chini mno, kwa haraka yangu ile ile. Hayakuchipua. Vishina vilikauka, vikaanguka kimoja kimoja.

Vioo vilitoka vizuri kuliko vyote nilivyowahi kutengeneza. Yule mama alinisifia mbele ya wateja wake, nami nikatembea mjini kichwa juu.

Baba alitoka hospitali baada ya wiki sita. Hakutaka kuingia ndani. Alitaka kwanza kuzungukia kihamba chake, ameegemea bega langu na mkongojo. Tulipofika mpakani alisimama. Mahali pa masale palikuwa peupe, vishina vichache vimelala na alama za panga, na ng'ambo ya pili, hatua chache tu, baba mdogo alikuwa amepanda migomba michanga. Aliipanda ndani ya eneo lake, lakini bila masale nani angejua?

"Ameanza," baba alisema. "Ameona naumwa, ameanza."

Nilikuwa nimemshika mkono. Hapo ndipo palikuwa pa kusema. Nilifungua mdomo nikamwambia apumzike, jua ni kali.

Baba mdogo alikuja jioni na mkungu wa ndizi begani. Alikuwa mtu mpole, mcheshi, ambaye nilipokuwa mdogo alinibeba kwenda kanisani.

"Kaka, pole. Karibu nyumbani."

"Masale yako wapi?"

"Hata mimi nimeshangaa. Nilidhani ni ukame."

"Ukame unakata kwa panga?"

Baba mdogo aliutua mkungu chini. Aliapa kwa mama yao. Baba akamwambia auchukue mkungu wake aende nao. Mimi nilikuwa jikoni nasikia kila neno, nikikoroga mtori wa ndizi ambao tayari ulikuwa umeiva.

Wazee wa ukoo waliitwa. Walikaa uani, nikawahudumia mbege, pombe yetu ya ndizi, nikainama mbele ya kila mmoja kwa shikamoo na kata mkononi. Mzee mmoja alitoa njia ambayo kwetu huwa haishindwi: mdogo alete sale kwa kaka yake, mambo yaishe. Baba alikubali. Alisema hata leo hii, akileta sale namsamehe.

"Sileti," baba mdogo alijibu. "Nikileta nitakuwa nimekubali. Siombi msamaha kwa kosa nisilolifanya."

"Basi nikifa asinizike," baba alisema. "Asitie udongo kwenye kaburi langu."

Neno la namna hiyo halifutiki na mtu mwingine. Mbege ilinimwagika kwenye kiatu cha mzee mmoja, akaniambia kwa upole, pole mwanangu, haya ni mambo ya wanaume. Nilitaka kumrushia ile kata. Haya yalikuwa mambo yangu, na hakuna hata mmoja aliyenitazama kwa shaka. Ni nani angewaza kwamba mtoto wa nyumba atakata masale ya mpaka wa baba yake?

Mtaniuliza kwa nini sikusema. Nimejiuliza hilo kuliko nyinyi. Niliogopa, hilo la kwanza. La pili ni baya zaidi: nilikuwa nimezoea kusifiwa. Mimi ndiye niliyemuuguza, mimi ndiye fundi aliyeonyeshwa kwa padre, na sikutaka kuvuliwa hayo.

Sikutia tena jani kwenye kioo. Yule mama wa duka alilalamika, akasema vya rangi tupu haviendi, mwisho akaacha kuagiza. Nilihamia Uru kumuuguza baba. Mguu ulikatwa chini ya goti, lakini mwili ulikuwa umeshachoka. Kupitia dirishani alimwona mdogo wake kila siku akikata majani ya ng'ombe, na kila siku alinitaka nifunge pazia.

Alhamisi moja niliona hataiona Pasaka. Nilikwenda kwenye kaburi la mama, nikachuma jani moja la sale, nikachukua na kioo kimoja kilichobaki, nikaingia chumbani kwake. Nilipiga magoti kando ya kitanda nikamwekea jani juu ya blanketi.

"Baba, nisamehe. Masale ya mpakani niliyakata mimi. Niliyachoma kwenye vioo. Baba mdogo hana kosa."

Hakuligusa jani.

"Nani amekutuma?"

"Sijatumwa, baba."

"Amekutuma yeye. Ameshindwa kuja kwa miguu yake, naye miguu anayo miwili. Anamtuma mtoto wangu alete sale kwa niaba yake."

Nilimpa kioo. Nilimwonyesha jani ndani yake, mistari yake, ncha yake. Alikiinua kwenye mwanga kwa mkono uliobaki mifupa.

"Hiki ni kioo chako kizuri," alisema. "Uliniambia mwenyewe majani unanunua mjini. Leo unageuza maneno kwa ajili yake. Una moyo mzuri, umefanana na mama yako. Lakini usinidanganye nikiwa hapa kitandani."

Nilimwapia. Nililia. Kadiri nilivyolia ndivyo alivyozidi kunihurumia, na kadiri alivyonihurumia ndivyo alivyozidi kumchukia mdogo wake kwa kunitumia. Mwishowe alilisukuma jani kwa ukingo wa kiganja, likaanguka sakafuni, akageukia ukutani. Naona aibu kuandika hili: nilipotoka chumbani nilihisi nafuu. Nilijiambia nimesema, nimetimiza wajibu wangu, basi.

Alikufa Jumapili alfajiri.

Tulimzika ndani ya kihamba, kati ya migomba, jirani na mama. Baba mdogo alikuja mpaka mpakani akasimama ng'ambo, kofia mkononi, ndani ya eneo lake. Kutoka pale alipokuwa mpaka kaburini ningeweza kurusha kokoto ikafika. Ukoo mzima ulimwona na hakuna aliyemwita, kwa sababu neno la marehemu lilijulikana. Ningeweza kupaza sauti. Watu wote waliopaswa kusikia walikuwepo, nami nilisimama na udongo wangu mkononi, nikautupa, nikampisha mwingine.

Siku ya tatu baada ya mazishi nilikwenda kwake. Alikuwa akimkatia ng'ombe vigogo vya mgomba. Nilimwamkia, akaitikia vizuri tu, akaniuliza kama nimekula. Nikamwambia.

"Baba mdogo, masale niliyakata mimi."

Panga lilisimama. Hakugeuka.

"Kaka yangu alijua?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, hata kwa kipigo. Kwa swali hilo sikuwa nimejiandaa. Nilimwona shingoni alivyozeeka ndani ya mwaka mmoja, na nikaelewa ni jambo gani hasa alilohitaji kujua. Ningemwambia kweli, angeishi miaka iliyobaki akijua kaka yake amekufa akimwita mwizi.

"Alijua," nikasema. "Nilimwambia, akaniamini. Akasema nikuite."

"Lini?"

"Alhamisi."

"Amekufa Jumapili."

"Ndiyo, baba mdogo."

"Na mimi nilikuwa hapa. Ijumaa nilikuwa hapa. Jumamosi nilikuwa hapa hapa, nakata majani."

"Ndiyo."

"Kwa nini hukuniita?"

"Niliogopa."

Aliketi chini kwenye maganda ya mgomba akalia kwa sauti, mtu mzima, akisema, alitaka kuniona, kaka alitaka kuniona. Alirudia hivyo mara nyingi. Nilipotaka kumshika bega aliniambia nitoke kwake, na nitoke kwa njia ya barabarani, nisikanyage mpaka.

Aliishi miaka minane baada ya hapo. Kila Jumapili baada ya misa alikuja kwenye kaburi la baba na maua, akakaa akizungumza naye kwa Kichagga, taratibu, kama walivyozungumza walipokuwa wazima. Akinikuta pale alisubiri mbali mpaka niondoke. Nilimwamkia shikamoo kila tulipokutana njiani, na hakuitikia hata moja. Kweli yenyewe sikumwambia.

Alipokaribia kufa aliwaita watoto wake akawaachia neno juu yangu: nisitie udongo kwenye kaburi lake. Walilitii, nami sikubisha.