Kofia ya Mkwe wa Simba

Mshonaji wa mtaa ule alianguka kwenye stuli akitundika pazia la mteja, mguu ukavunjika, akafungwa plasta mpaka juu ya goti. Mwanamke aliyezoea kushinda kwenye cherehani, sasa alilala kitandani kama mzigo uliosahauliwa stendi. Dirisha lenyewe lilitazama ukuta wa jirani. Kilichobaki ni simu.

Mumewe alikuwa mfagiaji kwenye bustani ya wanyama, upande wa simba. Mtaani walimwita Mkwe wa Simba, maana, walisema, aliingia kule kwa adabu kama mtu aliyekwenda ukweni. Na wakubwa wa bustani walikuwa wamefunga kamera uwanjani kwa simba, ili watu waliokwama majumbani wapate cha kutazama kwenye simu zao. Basi kila asubuhi mshonaji aliifungua. Wenzake walimtafuta simba, yeye alimtafuta mfagiaji. Na akimwona, badala ya moyo kutulia, ndiyo kwanza ulianza kwenda mbio. Siku zote alijua mumewe anafagia kwa simba. Hakujua kwamba pale mahali ni padogo namna ile.

Asubuhi hiyo mumewe alikuwa anafagia, kichwa wazi, mgongo ameupa mlango wa chuma. Nyuma ya mlango ndimo dume alimofungiwa. Kamera haikuwa na sauti. Chini ya picha watu waliandika yao: "Simba yuko wapi?" "Tumechoka na babu na ufagio wake." "Mfungulieni tuone mbio!"

"Watu hawana haya," alisema mshonaji.

"Wanatania tu, shoga," alijibu jirani yake, msusi, akiingia na nguo alizozianua. "Na simba atakula nini pale? Shemeji mifupa mitupu, atamkwama kooni." Akazibwaga nguo kitandani. Juu kabisa ilikuwa kofia nyekundu.

Mshonaji akaitazama, akaikwapua.

Hapo pana jambo la kueleza. Mlango ule wa chuma ulipandishwa kwa mkono mrefu uliokuwa nje, kwenye ujia, mahali ambapo mtu hauoni uwanja. Kufuli lake lilipotea zamani, na wakubwa kila ukiwauliza, linanunuliwa. Wafanyakazi wakajitungia lao: anayeingia kufagia huvua kofia yake nyekundu, akaitundika kwenye ule mkono. Mlishaji akiikuta, hagusi. Asipoikuta, anavuta, simba anatoka. Walizoea hivyo mpaka wakasahau kwamba kufuli lilikuwepo. Na jana yake mshonaji, kwa kuchoka kukaa bure, alikuwa ameiomba kofia hiyo akaifua.

Akampigia mumewe. Simu ikaita, ikaita. Wafagiaji huacha simu kabatini. Akaandika chini ya picha, vidole vikikosea herufi: "Mwambieni atoke! Kofia iko nyumbani!" Watu wakamjibu kwa vicheko. "Kofia ya nani tena, bibi?"

"Piga getini!" Msusi sasa hakuwa na utani. Akampa simu yake mwenyewe, akaishika ile yenye picha.

Mlinzi alipokea kwa raha zake.

"Mume wangu yuko uwanjani kwa simba!" alisema mshonaji.

"Si ndiyo kazi yake, mama? Tulia, Mkwe wa Simba ni mwenyeji kule."

"Kofia yake ninayo mkononi!"

Simu ilisikika ikigonga meza, kisha viatu vikikimbia kwenye kokoto.

Kwenye picha, mumewe aliacha kufagia. Akageuza kichwa. Chini ya mlango wa chuma palikuwa na mstari mweusi, nao ulikuwa unapanuka. Akarudi nyuma, na hapo picha ikaganda, mdomo wake wazi. Kiduara kikaanza kuzunguka.

"Bando limekwisha?" aliuliza msusi.

"Lipo! Ni mtandao!"

Msusi akakimbia na simu dirishani, akarudi, akaiinua juu. Mshonaji alitaka kushuka, plasta ikamvuta, akabaki ameng'ang'ania ukingo wa kitanda. Aliiuma ile kofia asije akapiga yowe, maana simu ya getini ilikuwa bado sikioni. Mbali, mtu alipiga ukelele. Chuma kikalia.

Picha ikarudi. Ufagio ulikuwa chini, dume ameukanyaga, anaunusa. Mtu hakuwepo. Watu walikuwa wanashangilia: "Huyooo! Katoka!"

"Tazama pembeni, labda yuko pembeni," alisema mshonaji.

"Pembeni hapaonekani, shoga."

Halafu sikioni zikaja pumzi za mtu. "Nani huyo?" aliuliza mshonaji.

"Mimi."

"Nimetoka," alisema mumewe kwa simu ya mlinzi. "Kwa kile kijimlango cha nyuma. Magoti nimeyaacha huko, yanakuja."

Hakumwamini. Sauti ni sauti tu. "Chukua simu yako kabatini, unipigie, uongee mpaka ufike hapa."

"Niongee nini?"

"Chochote. Usinyamaze."

Mtu yule si msemaji. Lakini aliongea: kwamba kabla ya kuingia alipapasa kichwa, akakuta wazi, akajua kofia ameshaitundika; kwamba mlishaji amekaa chini analia; kwamba suruali imechanika. Akaongea barabarani, akasimulia mpaka mashimo ya njiani. Alipokohoa mlangoni, kikohozi kilisikika pande mbili. Mshonaji hakukata simu mpaka alipoushika mkono wa mumewe.