Amri Niliyoitoa Kabla ya Radi

Ilianza Jumanne, saa nane na dakika ishirini mchana. Saa naijua kwa sababu nilikuwa nimekazia macho pembe ya skrini nisimtazame mtu. Senje, dada ya baba, alikuwa ameweka simu mezani kwa spika, na Injinia, anayetunza kompyuta za ofisi yetu, alikuwa anaongea kutoka Nairobi kana kwamba mimi siko.

"Mama, si uone tu mwenyewe. Mfumo ulikuwa poa. Huyo msichana wako akafunga shule, akakuja, sasa kila siku mashine za Bungoma zinakufa. Ati anaandikaandika amri kwa ile skrini nyeusi. Hiyo si kitu ya kuchezea, bana."

"Ni mtoto mpole," Senje akasema.

"Wapole ndio huharibu. Kesho saa tatu nafuta ufunguo wake. Na aandike barua akubali ni yeye, aweke sahihi, ndio nimalize hii maneno na wakubwa."

Mimi ni wa Kitale, kidato cha tatu. Likizo naenda Bungoma kwa Senje, ambaye ni msimamizi wa ofisi ya chama cha wakulima. Chama kina mashine ya kukausha mahindi inayozunguka kituo hadi kituo, na mkulima huangalia zamu yake kwa simu. Programu za hiyo orodha zimefungwa kwenye vikasha vinavyoitwa kontena, na kontena zimegawanywa kwa kompyuta tano zinazofanya kazi kama kundi moja: tatu ziko ofisi ya Kitale, na mbili, ndizo mashine za Bungoma anazosema Injinia, ziko chini ya meza ya Senje. Hakuna picha za kubonyeza. Unaandika amri, unangoja jibu.

Likizo iliyopita dada mmoja wa chuo kikuu pale Kibabii, aliyekuja kufanya mazoezi ya kazi, alinifundisha amri hizo. Chama kikakubali anitengenezee ufunguo wangu wa kuingilia. Darasani nikijibu swali mwalimu husema "hatusikii" mpaka nakaa chini. Kompyuta haijawahi kuniambia hivyo. Ufunguo ukifutwa ningerudi kuchemsha chai na kufungulia watu geti, na kila mtu angesema si tulijua.

Nitasema ukweli: nusu nilimwamini Injinia. Jumamosi nilikuwa nimefuta kontena ambayo sikukusudia. Kundi liliinua nyingine kabla sijapepesa jicho, lakini siku nzima nilirudia kuangalia orodha. Kwa hivyo simu ilipokatwa nilifungua kumbukumbu za kundi. Huwa linaandika kila mashine imepotea saa ngapi. Nikanakili kwenye daftari. Jumatano saa tisa na dakika tano. Alhamisi saa nane u nusu. Ijumaa saa kumi kasorobo. Kila mara zile mbili za Bungoma pamoja, za Kitale hata siku moja. Jumamosi, nilipokosea kweli, hakuna mashine iliyopotea.

Nilikuwa bado nakuna kichwa radi iliponguruma mbali, upande wa Mlima Elgon. Senje akainuka, akainama chini ya meza.

"Senje, unafanya nini?"

"Nachomoa. Si unasikia?"

"Hata hizo za mfumo?"

"Zote. Kwani kwenu Kitale hamchomoi?"

Tunachomoa. Radi ya huku haina mchezo. Ikilia, mama anang'oa televisheni, redio na chaja zote, na sisi tunaondoka dirishani. Senje alikuwa amechomoa mbele yangu siku hizo zote na sikuona, kama vile huoni mtu akifunga mlango. Ofisi ya Kitale iko kwenye ghorofa lenye kinga ya radi, hakuna anayeshughulika. Yetu ni mabati matupu. Na Injinia hakuwahi kuuliza mvua ikija tunafanya nini.

"Ngoja dakika tatu," nikasema.

"Radi inangoja nani?"

Kosa halikuwa kuchomoa. Kosa lilikuwa kuchomoa ghafla. Mashine ikipotea ghafla, kundi hukaa dakika tano likidhani itarudi, na dakika hizo mkulima wa kituo cha Ndalu anabonyeza haoni kitu. Lakini kuna amri ya kuhamisha kontena kwanza, inaitwa drain, halafu mashine unaizima bila mtu kujua. Nikampigia Injinia kumwomba ruhusa.

"Usiguse kitu!" akasema, akakata.

Nikagusa.

Niliandika amri ya mashine ya kwanza, kisha ya pili. Kontena zilianza kuzimika Bungoma na kuinuka Kitale, mstari baada ya mstari. Senje alikuwa amepiga magoti, mkono kwenye plagi.

"Wewe mtoto utatuchoma!"

"Bado mbili."

"Mimi nachomoa!"

"Bado moja, Senje. Haya, chomoa!"

Akachomoa. Mvua ikashuka kwa mabati tukawa hatusikilizani. Simu ya ofisi ikalia, mkulima wa Ndalu, amekasirika: mbona jirani yake yuko mbele yake kwa orodha na mahindi walivuna siku moja? Senje alinitazama. Mtu hawezi kulalamikia orodha asiyoiona.

Injinia akapiga mvua ilipopungua. "Nani alikuambia uhamishe?"

"Hakuna."

"Si nilikuambia usiguse?"

"Uliniambia. Mfumo umezima leo?"

"Hiyo si maneno. Barua naitaka kesho saa tatu."

Jioni Senje aliniandikia hiyo barua yeye mwenyewe, kwa upole, ili mimi nitie sahihi tu. "Weka, mama. Ni wino tu. Atasahau."

"Karatasi haisahau," nikasema, nikaenda kulala.

Asubuhi niliacha barua yake mezani bila sahihi. Nikachukua karatasi nyingine, nikaandika siku na saa zote za daftari, na kando ya kila moja: mvua, tulichomoa. Jumamosi nikaandika kosa langu pia. Mwisho nikaandika: "Jumanne nilikatazwa kuhamisha. Nilihamisha. Mfumo haukuzima." Hiyo nikaitia sahihi, nikaipiga picha, nikamtumia Injinia.

Saa tatu na dakika moja nilijaribu ufunguo wangu. Ulikataa.

Senje aliona uso wangu. Akaisoma karatasi mara mbili, akampigia mwenyekiti wa chama, akanisukumia simu. "Mwambie wewe. Mimi hizo kontena sizijui."

Mwenyekiti aliuliza ni nani anaongea. Nikamwambia. Nikaanza kumsomea kutoka mstari wa kwanza, na alipotaka kunikatiza kwenye Ijumaa, nikamwambia angoje nimalize.