Nilivyoandikwa Mara Tatu

Nilikuwa darasa la sita karani wa sensa alipokuja kuandika watu wa boma letu, huku Ngorongoro. Baba ana wake watatu. Karani akawauliza mmoja mmoja: una watoto wangapi?

Kwetu kutaja idadi ya watoto ni mkosi, na mtoto wa mke mwenzio ni wako. Basi mama yangu akatutaja sote kwa majina. Mama mkubwa akatutaja sote. Mama mdogo, ambaye hajawahi kuzaa, naye akatutaja sote bila kusita. Nilimwambia karani kwamba ananiandika mara ya tatu. Akanijibu nisimfundishe kazi.

Miezi michache baadaye tuliitwa mkutanoni. Bwana mmoja wa serikali, suruali imenyooka kwa pasi, alitusomea kwamba wanawake wetu wanazaa kupita kiasi na wanyamapori wanakosa nafasi. Kisha akasoma majina ya wanaotakiwa kuchomwa sindano ya uzazi wa mpango. La kwanza lilikuwa la mama mdogo, aliyemaliza mizizi yote ya msituni akitafuta mimba moja tu. Watu waliinamisha vichwa. Yeye alisema, "Nipo."

Yule bwana akakunja karatasi, akatabasamu. Alikuwa na habari njema: kule kreta, kwenye bonde la wanyama, faru amezaa. Tupige makofi.

Hakuna aliyepiga ila mama mdogo. Alipenda sana watoto.