Siku Mama Aliponitembeza Korogwe

Kama hujawahi kunusa makapi ya mkonge yaliyolowa, sina jinsi ya kukueleza. Ni harufu ya uchachu, ya majani yanayooza polepole, ukiipata asubuhi inakukaa kooni hadi jioni. Mwezi uliopita gari letu lilipita kando ya shamba la mkonge, madirisha wazi, na abiria wenzangu wote wakaziba pua. Mimi nikavuta pumzi. Kijana mmoja akaniuliza, "Bibi, harufu hii unaipenda?" Nikamjibu siipendi. Niliinusa mara ya kwanza nikiwa mapajani mwa mama yangu, ndani ya basi la kutoka Handeni kwenda Korogwe, siku aliyonipeleka kwa baba nikabaki huko huko.

Niwaeleze ilivyokuwa. Baba na mama waliachana nikiwa sijaota meno. Baba alifanya kazi relini Korogwe, akikaa Kwamndolwa na dada yake. Mama akarudi kwao, kijijini upande wa Handeni, na mimi mgongoni. Wazee wakakubaliana kama desturi ilivyotaka: mtoto akae kwa mama hadi atakaposhika sikio, kisha arudi kwa baba yake. Nyie wenye vyeti vya kuzaliwa hamuijui habari hii. Sisi tulipimwa umri kwa mkono. Unaupitisha juu ya kichwa, ukifika sikio la upande wa pili, basi umekua, hata shule unaandikishwa.

Mimi nilichokijua ni hiyo shule tu. Ujamaa ulikuwa umepamba moto, shule mpya imeezekwa, watoto wanaimba kutwa, na mimi nipo nyumbani nafukuza kuku kwenye mtama! Basi kila asubuhi nilinyoosha mkono juu ya kichwa mpaka shingo ikauma. Mama akiniona ananikemea. "Shusha huo mkono, utapinda shingo!" Alikuwa mwepesi wa kicheko mama yangu, mtu wa utani na kila mtu kisimani, lakini kwa hilo la sikio hakucheka hata siku moja. Mimi nikadhani hataki nisome.

Baada ya mavuno shangazi, yule dada yake baba, akaja kutusalimu. Nikampa shikamoo, na kabla hajavua viatu nikamwonyesha: mkono juu ya kichwa, kidole kwenye sikio, meno yote nje. Shangazi akasema, "Mashallah! Mwajuma amekua." Mama alikuwa anapepeta mtama. Ungo ukasimama hewani kidogo. Kisha akaendelea kupepeta.

Siku chache baadaye mama alinisuka nywele, akanipaka mafuta hadi visigino, akaniambia tunakwenda kutembea Korogwe.

"Kutembea tu?"

"Kutembea tu, mwanangu."

Wenzangu, siku ile nilitembezwa! Tulisimama kwanza darajani, tukautazama mto Pangani, mpana na mwekundu, mama akaniambia huo mto haulali usiku wala mchana. Sokoni tukawakuta akina mama wa Kishambaa walioshuka na matunda kutoka Vugiri. Akaninunulia peasi moja, tukala kwa zamu, mimi nauma, yeye anauma, mpaka tukabaki na kikonyo. Jengo jeupe lenye bendera akaniambia ndimo anamokaa Serikali. Nikamwuliza kama Serikali ana watoto. Akasema anao wengi, ndiyo maana haonekani nyumbani.

Dukani tukapewa maji yenye kipande cha barafu. Mama akakitoa kwa vidole, akaruka. "Yalaa! Kinaunguza!" Mwenye duka akacheka, mimi nikacheka, na mama akacheka hadi machozi yakamtoka. Mimi nilinyamaza, mwenye duka akanyamaza, yeye akawa bado anajifuta kwa upindo wa kanga.

Mchana tukaenda stesheni. Shangazi alikuwa pale, amekaa kwenye benchi. Mama akanikabidhi kwake, akasema, "Itazame treni vizuri, mwanangu. Mimi nakwenda kununua karanga." Treni ikaingia na moshi wake na kelele zake, nikaziba masikio kwa furaha. Ilipoondoka, nikageuka kumwambia mama. Hayupo.

Nikangoja karanga. Shangazi akanishika mkono, akasema karanga zipo nyumbani. Wazee walikuwa wamemkataza mama kuniaga. Walisema mtoto anayeagwa kwa machozi hakai anakopelekwa. Jamani, nilikaa, lakini nililia mpaka sauti ikakauka.

Nilipoanza kuruhusiwa kumtembelea wakati wa likizo, mama na ndugu zake walikuwa wameshahamishiwa kijiji cha Ujamaa, nyumba zimepangwa mstari, hata njia ya kisimani siijui. Aliniwekea kigoda, akanipangusia vumbi. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," akatania. Nilitaka kulia. Hata nikipika naye ananiambia pumzika, umetoka mbali. Homa ilimchukua nikiwa darasa la sita, na mpaka leo naumia kwamba nilimzika mama niliyemzoea kama jirani.

Shangazi aliishi miaka mingi. Siku moja, tukichambua maharage, nikamsimulia jinsi mama alivyoijua Korogwe, mto wake, soko lake na Serikali wake. Shangazi akaacha maharage.

"Nani kakwambia anaijua? Ndiyo mara yake ya kwanza kukanyaga mjini. Nilikwenda kuwapokea stendi, wewe bado unasinzia begani kwake, akaniomba nimwachie mwanawe hadi treni ya mchana. Nikawa nawafuata kwa mbali, hadi nilipotangulia stesheni. Alikuwa anatangulia kuwanong'oneza watu, hapa ni wapi, hiki ni nini, ndipo anakugeukia wewe na kukueleza kama mwenyeji."

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, nimeusema msemo huo mara nyingi, kumbe nilikuwa nautamka tu. Mama yangu siku ile alikuwa msichana mdogo, mdogo kuliko kitinda mimba wangu, ambaye hata leo akienda mjini simu yangu haitulii mpaka aniambie kafika. Aliogopa mji ule kuliko nilivyouogopa mimi, na akaufanya sikukuu ili niukumbuke kwa furaha.

Nikamwuliza shangazi, "Sasa alirudije stendi, na njia haijui?"

Shangazi akarudia kuchambua maharage.

"Sijui, mwanangu," akasema. "Nilikuwa nimekushika wewe."