Ukifika kwa Tangi

Nyumbani Kakamega hadi leo wanasema niko Nairobi, na nimechoka kuwasahihisha. Niko Ruiru, kwenye ploti ya nyumba za chumba kimoja kimoja ambako maji huja yakipenda. Nairobi yenyewe naiona kama mwanga angani jioni. Mume wangu alipata kazi ya kiwanda huko Thika, tukakosa nyumba ya kutufaa karibu na kazi yake, tukapanga hapa. Nilikuja na mimba iliyokuwa imekua sana, na wasiwasi ambao haukunipa nafasi ya kukaa chini.

Shida yangu ilikuwa moja. Nilitaka kujua, kwa miguu yangu mwenyewe, mahali nitakapojifungulia. Mtoto wetu wa kwanza, msichana, tulimpoteza njiani kule nyumbani. Dereva alitupeleka mahali ambapo zahanati ilikuwa siku zote, tukakuta kufuli na nyasi. Ilikuwa imehamishiwa ng'ambo ya mto, na aliyetuelekeza hakujua. Tulipofika huko hakukuwa na la kufanya tena. Kwa hiyo mume wangu aliposema, "Siku ikifika tutauliza tu," nilimkazia macho mpaka akainuka akaanza kutafuta viatu ambavyo hakuwa na haja navyo.

Nikaanza kutembea. Mambo mengine yalijileta yenyewe: wa gesi, duka la dawa, mashine ya kusaga unga, kanisa la mabati ambalo spika zake zilinipata kabla mimi sijalitafuta. Hospitali ndiyo iliyonihangaisha. Nilimuuliza mama mboga anayeuzia nje ya geti letu, mama wa makamo ambaye aliniita mami tangu siku ya kwanza, kama wanavyowaita mabinti wao huku. Alinielekeza bila kuinua macho kutoka kwa sukuma aliyokuwa akiikata.

"Kuna kliniki mzuri, iko na maternity. Enda hivi, ukifika kwa tangi ukate left. Huwezi potea."

Nilipotea. Nililitafuta hilo tangi mpaka visigino vikaniwaka moto. Fundi wa viatu alininyoshea kidole mbele kidogo, nikaenda mbele kidogo. Muuza mahindi akanirudisha kwa fundi wa viatu.

"Mzee, tangi iko wapi?"

"Si ni hapa."

"Hapa wapi?"

"Hapo umesimama. Ilitolewa wakati walikuwa wanapanua barabara."

Alisema hivyo akiendelea kushona soli. Nilitaka kulia, kisha nikakasirika, na hasira ikashinda. Niliona tena lile kufuli na zile nyasi. Nilirudi kwa mama mboga nikamuuliza ni watu wa aina gani hawa wanaomwelekeza mgeni kwa kitu ambacho hakipo.

"Haiya. Kwani nani hajui kwa tangi?"

"Mimi sijui."

"Sasa unajua," akasema, akanifungia majani ya dania ambayo sikuwa nimeyaomba.

Kliniki niliipata kesho yake: geti la bluu, mlinzi anayesinzia, wadi inayonuka dawa ya sakafu. Nesi nilimweleza yote yaliyonipata, kwa sababu ni lazima ajue. Kwenye ploti ilikuwa hadithi nyingine. Kila aliyeniuliza kama huyu ni kifungua mimba nilimjibu ndiyo, na mama mboga nilimjibu hivyo hivyo. Sikutaka kuonewa huruma na watu ambao tulikuwa tumejuana kwa ndoo na kamba ya nguo tu.

Bado sikutulia. Mume wangu alipendekeza Thika, awe karibu nami saa hiyo ikifika, na siku yake ya mapumziko tukaenda kuona kliniki nyingine upande wa Ngoingwa. Mwenzake wa kazini alituambia tushukie kwa sinema. Sinema yenyewe ilikuwa imegeuka supamaketi, na kondakta alitushangaa tulipobaki tumekaa kwenye matatu tukiitafuta. Nilimwambia mume wangu kwamba hapa nimeshindwa, turudi zetu Ruiru. Aliniuliza kama nitaendelea kugombana na majina ya steji hadi mtoto atoke. Nilimwambia ndiyo.

Basi nikajitengenezea alama zangu, vitu vya kuonekana na kushikika. Saluni ya ukuta wa pinki, kisha lundo la matofali, kisha geti la bluu. Kila asubuhi nilienda mpaka kliniki na kurudi nikizitaja kwa sauti ya chini, na majirani walidhani nafanya mazoezi. Niliacha tu pale miguu ilipovimba hata malapa yakakataa kuingia.

Uchungu ulinianza asubuhi ya siku ya maji, niko kwenye foleni ya mfereji. Mume wangu alikuwa zamuni, simu yake iko kwenye kabati la kiwanda. Mama mboga aliacha meza yake wazi, akasimamisha boda boda ya kwanza iliyopita. Dereva alikuwa mtu mzima aliyevaa koti la mvua na jua linawaka.

"Tunaenda wapi, madam?"

"Kwa saluni ya pinki, halafu kwa matofali..."

"Saluni gani hiyo?"

"Ya pinki. Iko hapo mbele."

"Hapo hakuna saluni," akasema, na hakuwa akibishana. Baadaye niliiona mwenyewe. Ilikuwa imepakwa kijani na ndani wanauza magodoro, na matofali yameshatumika kujengea. Lakini wakati ule nilijua tu kwamba mtu wa kunipeleka hajui ninakokwenda, na maji yalikuwa yakinitiririka miguuni. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa.

"Kwa tangi," nikasema. "Ukate left."

Hakuuliza lingine. Mama mboga alipanda nyuma yangu akanishika kiunoni, tukaondoka. Njiani, uchungu ulipoachilia kidogo, nilielewa kwa nini hawaliachi lile jina. Saluni itahama, matofali yatahama. Tangi lilishaondoka, na hakuna mtu anayeweza kuliondoa tena pale. Mlinzi alikuwa macho siku hiyo, geti likafunguliwa mara moja.

Mtoto alitoka akilia, mvulana, na nililia pamoja naye bila aibu. Mume wangu alifika na vumbi la kiwanda kwenye nyusi, akamshika kama anayeshika kitu cha watu.

Kesho yake mama mboga alikuja na bakuli la njahi, yale maharagwe meusi wanayompikia mzazi huku ili apate nguvu na maziwa. Alimfunua mtoto uso akamtazama, akaketi ukingoni mwa kitanda.

"Kifungua mimba anakaa kama baba yake," akasema.

"Huyu ni wa pili," nikamwambia. "Wa kwanza ni msichana."

Alinitazama kidogo, kisha akanisukumia bakuli.

"Mama wa wawili, kula hiyo njahi ikiwa moto."

Hakuniuliza yule mwingine yuko wapi.