Barua Niliyompelekea Mjomba Msimbu

Mshindo wa mchi ulioanguka uani ndio ninaoukumbuka kwanza, mwanangu. Ulimponyoka mama mkononi pale mchuuzi wa nazi alipomrudishia barua yangu pamoja na salamu fupi kutoka Msimbu: "Mjomba amesikia."

Ilikuwa Jumatano, enzi za Mwingereza. Ijumaa dada yangu Mwanahawa alikuwa aolewe hapa Kibaha, na kwetu bibi harusi hatoki ndani mpaka kaka wa mama amwekee mkono kichwani. Mjomba asipokuja, hakuna harusi.

Kumwalika nilitumwa mimi. Kazi yenyewe nyepesi: uende kwa miguu, uketi mkekani, umwombe kwa kinywa chako. Lakini mimi nilikuwa msichana wa shule. Mwalimu alikuwa ametufundisha vitenzi vya Kiingereza vya kumtaka mtu aje: kimoja cha karamu, kimoja cha ombi, na kimoja cha shaurini, kwa hakimu, ambacho aliyeitwa hana ruhusa ya kukataa. Nikakaa nikipima kipi kinamstahili mjomba, nikachagua kile cha karamu, nikakitafsiri, nikaandika barua kwa mwandiko mzuri na kumpa mchuuzi wa nazi aipeleke. Barua hiyo ilinila siku mbili nzima, muda wa kutosha kwenda Msimbu na kurudi. Hata leo hunikera nikikumbuka.

Alhamisi alfajiri nikashika njia. Nilimkuta barazani akichonga mpini wa jembe.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Kumbe karani ana miguu."

Nikaanza kumweleza tofauti ya vile vitenzi. Akaniacha niseme mpaka mate yakanikauka.

"Shule imekufundisha maneno matatu ya kumwita mtu," akasema. "Kumfuata, je?"

Nikapiga magoti. "Mjomba, nimekufuata. Twende."

Akaingia ndani, akatoka na kanzu mwilini na kifurushi mkononi. Mkewe alininong'oneza kwamba kilifungwa tangu juzi; aliyekosekana ni mtu wa kumchukua.

Nakuambia haya kwa sababu jana umenitumia kadi ya harusi yako kwenye simu, mimi na umati mzima kwa mpigo, kisha ukauliza kama nimeiona. Nimeiona. Mwanangu, neno chagua ulitakalo, la Kiingereza au la kwetu, lakini mtu mzima mfuate alipo, umwombe akikutazama. Njia ikikushinda, basi aisikie sauti yako. Mwenyezi Mungu akujaalie ndoa yenye utulivu, na miguu isiyochoka kufika kwa watu wako.

Asubuhi hii nimekupigia mimi, kukwambia kwamba kifurushi changu kimeshafungwa, kipo nyuma ya mlango.